Majina Mawili, Mkono Mmoja: Maisha na Kazi za Mchoraji Jean Giraud

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu atakaye kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na katika sanaa huchukuliwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa: msanii asiye na mtindo mmoja unaojulikana hushukiwa kuwa hana mtindo wowote. Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi za Jean Giraud (1938–2012), mchoraji Mfaransa wa hadithi za picha, ambaye kwa muda wa karibu miaka hamsini alizifuata njia mbili, kila moja kwa jina lake na kwa kanuni zake, na katika kila moja akahesabiwa miongoni mwa mabingwa. Kwa jina la Gir alichora visa vya askari wa farasi katika Magharibi ya Marekani. Kwa jina la Moebius alichora ndoto, majangwa na sayari zisizokuwapo.

Huenda ikaulizwa: hadithi za picha zina uhusiano gani na wataalamu wa lugha? Jibu ni kwamba hadithi ya picha ni matini, na katika matini hiyo maneno na mchoro hugawana kazi ya kusimulia. Wasomaji wa Taifa Leo waliomfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau walilijua jambo hili bila ya kufundishwa, kwani kicheko chao hakikutokana na maneno peke yake wala na mchoro peke yake. Zaidi ya hayo, kazi ya Giraud inazusha swali la msingi katika taaluma ya mitindo: je, mtindo ni mali ya mtu, au ni mali ya kazi anayoifanya?

Malezi na Mafunzo

Giraud alizaliwa tarehe 8 Mei 1938 huko Nogent-sur-Marne, mji ulio karibu na Paris. Wazazi wake walitengana akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa zaidi na babu na bibi yake. Mwaka 1954 aliingia katika shule ya sanaa ya ufundi mjini Paris, na huko akakutana na Jean-Claude Mézières, ambaye naye alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Giraud hakumaliza masomo. Mwaka 1956 alisafiri kwenda Mexico, ambako mama yake alikuwa ameolewa, akakaa miezi kadhaa. Jangwa la nchi hiyo, upana wake na ukimya wake, halikumtoka tena akilini. Litaonekana katika kazi za Gir na katika kazi za Moebius pia, nalo ni moja katika mambo machache yaliyo ya majina yote mawili.

Mwaka huo huo wa 1956 hadithi zake za kwanza zilianza kuchapishwa. Baada ya utumishi wa jeshi, ambao sehemu yake aliutimiza nchini Algeria wakati wa vita vya uhuru wa nchi hiyo, alijiunga na Mbelgiji Joseph Gillain, aliyejulikana kwa jina la Jijé, akawa mwanagenzi wake. Mwaka 1961 alimsaidia kutia wino katika kisa kimoja cha Jerry Spring, hadithi ya Magharibi ya Marekani. Mafunzo haya yalikuwa kama yale ya mwanafunzi wa fundi seremala: anatazama, anashika chombo, anaiga mkono wa mwalimu hata usitofautike. Ni dhahiri basi kwamba kitu cha kwanza alichojifunza Giraud ni kuandika kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Gir na Kanuni za Masimulizi

Tarehe 31 Oktoba 1963, katika jarida la Pilote, ulianza kutolewa mfululizo wa Fort Navajo, ulioandikwa na Mbelgiji Jean-Michel Charlier na kuchorwa na Giraud. Mhusika wake mkuu ni Luteni Blueberry, askari mkaidi, mcheza kamari, mwenye pua iliyovunjika na sura ambayo hapo mwanzo ilifanana na ile ya mwigizaji wa filamu Jean-Paul Belmondo. Mashujaa wa hadithi za vijana za wakati huo walikuwa safi wa nguo na wa tabia. Blueberry hanyoi ndevu, huwakaidi wakubwa wake, na mara nyingi huona kwamba serikali anayoitumikia inawadhulumu wenyeji asilia wa Amerika.

Charlier alikuwa mwandishi wa maneno mengi. Viputo vya mazungumzo vimejaa, visa vinafungamana, na kila ukurasa una mambo ambayo msomaji lazima ayaelewe ili aweze kuendelea. Kwa hiyo mchoro wa Gir ulilazimika kuwa mtumishi wa masimulizi. Alitumia burashi zaidi, kwa mistari minene na vivuli vizito; farasi, bunduki, matandiko na miamba vilichorwa kwa uangalifu ili msomaji aamini kwamba mahali hapo papo. Uhuru wa mchoraji ulikuwa katika kuchagua ni wapi pa kumweka mtazamaji: juu ya jabali, chini ya tumbo la farasi, au nyuma ya bega la adui. Kwa lugha ya wanafasihi, Gir ni msimulizi anayefuata kaida, na ubora wake ni kwamba kaida hizo hazionekani.

Moebius na Uhuru wa Kalamu

Jina la pili lilizaliwa karibu wakati ule ule. Mnamo 1963 na 1964 Giraud alichora vichekesho vifupi katika jarida la kejeli liitwalo Hara-Kiri, akavitia sahihi ya Moebius. Washairi wa Kiswahili wa magazetini wanaifahamu vyema desturi hii ya lakabu: jina la kupanga humpa mtunzi sauti ambayo jina la ukoo lisingeweza kuibeba. Lakini lakabu hii ilikuwa na maana ya ziada. August Ferdinand Möbius (1790–1868) alikuwa mwanahisabati Mjerumani ambaye jina lake limepewa ukanda wa ajabu. Mtu akichukua ukanda wa karatasi, akaupotoa nusu mzunguko, kisha akaziunganisha ncha zake, atapata kitu chenye upande mmoja tu. Siafu akitembea juu yake atapita kila mahali, panapoonekana kuwa nje na panapoonekana kuwa ndani, bila ya kuvuka ukingo.

Jina hilo lililala kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1973 Giraud alichapisha katika Pilote hadithi fupi iitwayo La Déviation, yaani njia ya mchepuko, iliyochorwa kwa kalamu nyembamba na vistari vingi vidogo vidogo. Humo mchoraji mwenyewe anasafiri na familia yake, na safari ya kawaida inageuka kuwa njozi. Sahihi ilikuwa bado ya Gir, lakini mkono ulikuwa wa mwingine. Mwishoni mwa 1974 yeye, Philippe Druillet, Jean-Pierre Dionnet na Bernard Farkas walianzisha shirika la uchapishaji, na Januari 1975 likatokea jarida lao la Métal Hurlant. Hapo ndipo Moebius alipopata nyumba.

Kazi mbili za jarida hilo zinastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Ya kwanza ni Arzach, iliyoanza 1975. Mtu wa vita mwenye kofia ndefu anapaa juu ya nchi iliyokufa, amepanda kiumbe mwenye mabawa. Hamna mazungumzo wala maelezo. Baada ya miaka kumi na zaidi ya kuvibeba viputo vya Charlier, mchoraji aliyatoa maneno yote, akaacha picha zisimulie peke yake. Lililobaki ni jina la mhusika tu, nalo halitulii: mara limeandikwa Arzach, mara Harzak, mara Arzak. Jina, ambalo katika lugha ndilo hutarajiwa kumtambulisha mtu bila ya shaka, hapa linamkana.

Ya pili ni Le Garage hermétique, iliyotolewa kati ya 1976 na 1979. Giraud aliitunga kurasa chache kila toleo, bila ya mpango uliowekwa tangu mwanzo, kila mara akijitwisha mzigo wa kuyapatia maana yale aliyoyachora awali. Namna hii ya kutunga haina budi kumkumbusha mtafiti wa fasihi simulizi juu ya fanani ambaye anaendelea na ngano huku akiisuka. Tofauti ni kwamba fanani huwa na hadhira mbele yake ya kumsaidia, ilhali Moebius alikuwa na karatasi tupu na tarehe ya kwenda mitamboni.

Gharama ya Njia Mbili

Haifai kudhani kwamba mambo haya yalikwenda bila ya gharama. Baada ya kitabu cha Angel Face cha 1975, Blueberry hakuonekana katika kitabu kipya hadi Nez Cassé cha 1980. Katika miaka hiyo mitano Moebius alistawi na Gir akanyamaza. Ingekuwa rahisi kwa Giraud kuliua moja kati ya majina yake: kumwacha Blueberry, ambaye alimpa riziki na umaarufu, au kumwacha Moebius, ambaye wasomaji wengi wa Blueberry hawakumwelewa. Hakufanya hivyo. Alirudi, na aliporudi mistari ya Gir ilikuwa imebadilika. Vitabu vya baada ya 1980 vina nafasi zaidi na hewa zaidi. Siafu alikuwa ameshazunguka ukanda.

Kwa upande wa Moebius, miaka hiyo ilileta ushirikiano wa kila aina. Mwaka 1975 alichora takriban picha 3,000 kwa ajili ya filamu ya Dune iliyokusudiwa na Alejandro Jodorowsky. Filamu hiyo haikutengenezwa, lakini wawili hao walitumia nguvu zao katika L'Incal, vitabu sita vilivyotoka kati ya 1981 na 1988. Alibuni mavazi ya wasafiri wa anga katika filamu ya Alien (1979), akafanya kazi katika Tron (1982), na katika The Fifth Element (1997) akakutana tena kazini na Mézières, mwenzake wa shule. Hadithi yake fupi The Long Tomorrow, aliyoichora kwa maandishi ya Dan O'Bannon, ilichangia sura ya mji katika filamu ya Blade Runner (1982). Nchini Marekani alichora kisa cha Silver Surfer kilichoandikwa na Stan Lee, nacho kikapata tuzo ya Eisner mwaka 1989. Katika kila kazi alikubali kanuni za pale alipokuwa, kama mtu ajuaye lugha nyingi ambaye haingizi sarufi ya moja katika nyingine ila kwa makusudi.

Charlier alifariki Julai 1989 kabla ya kumaliza Arizona Love. Giraud akakimaliza kitabu hicho, kikatoka 1990, na baadaye akaandika na kuchora peke yake vitabu vitano, kuanzia Mister Blueberry (1995) hadi Dust (2005). Ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika sehemu kubwa ya vitabu hivyo shujaa amelala kitandani kwa majeraha, akimsimulia mwandishi mmoja mambo ya ujana wake. Masimulizi mawili yanakwenda sambamba, la sasa na la zamani. Gir, aliyekuwa mtumishi wa masimulizi ya mwingine, sasa anayachunguza masimulizi yenyewe.

Uchunguzi huo ulifika mbali zaidi katika Inside Moebius, vitabu sita vilivyochapishwa tangu 2004 hadi 2010. Humo mchoraji mwenyewe anatembea jangwani akikutana na wahusika wake, Blueberry na Arzak wakiwamo, nao wanamhoji. Jangwa hilo linaitwa "Désert B". Kwa matamshi ya Kifaransa maneno hayo hayatofautiani na désherber, yaani kung'oa magugu, na Giraud alikuwa wakati huo ameazimia kuacha bangi. Mchezo huu wa maneno unaeleza kisa kizima: palipong'olewa magugu pamebaki jangwa, na jangwa ni lile lile aliloliona Mexico akiwa kijana. Mwaka 2010 Arzak naye alipewa hatimaye mazungumzo, katika kitabu kipya, miaka 35 baada ya kuzaliwa akiwa bubu.

Hitimisho

Jean Giraud alifariki mjini Paris tarehe 10 Machi 2012, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Swali lililoulizwa mwanzoni sasa linaweza kujibiwa kwa kiasi fulani. Wataalamu wengi wamezoea kuuona mtindo kuwa alama isiyoachana na mtu, kama alama ya kidole. Kazi za Giraud zinaonyesha kwamba mtindo ni makubaliano baina ya mtunzi, chombo chake na hadhira yake. Burashi, maneno ya Charlier na wasomaji wa Pilote vilimfanya Gir. Kalamu, ukimya na jarida lisilokuwa na masharti vilimfanya Moebius. Lililo la mtu mwenyewe haliko katika mstari mnene wala mwembamba, bali katika yale yanayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine: jangwa, safari, na mtu asiyekubali kutambulishwa kwa jina moja.

Methali ya fisi, kwa hiyo, haijakanushwa, ila imefafanuliwa. Fisi alishindwa kwa kuwa alitaka kuzipita njia mbili kwa miguu ile ile na kwa hatua ile ile. Giraud alijifunza mwendo wa kila njia kabla ya kuiingia, na alipochoka na moja alijua kwamba nyingine itamrudisha pale pale alipoanzia.