Faili za Maktaba katika Mfumo Endeshi: Kubadilisha na Kuongeza

Katika maktaba ya chuo, kitabu kimoja husomwa na wanafunzi wengi. Tarakilishi nayo ina maktaba yake. Katika mfumo wa Windows, faili ambazo majina yake huishia kwa herufi DLL hubeba maagizo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Makala haya yanaeleza jinsi faili hizo zinavyobadilishwa au kuongezwa katika usakinishaji maalumu. Mfano ni Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka wa 2001 na ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Faida ya ushirika huo ndiyo hatari yake. Programu mpya ikileta faili yenye jina lile lile lakini ya toleo jingine, programu zilizoitegemea ile ya awali huvurugika. Kwa sababu hiyo, Windows 2000 ilileta ulinzi wa faili za mfumo, na Windows XP ikaurithi. Nakala huhifadhiwa katika folda iitwayo dllcache, na faili inayolindwa ikibadilishwa, mfumo huirejesha kimyakimya. Fundi anayetaka mabadiliko ya kudumu huyafanya katika nakala ya diski ya usakinishaji, kabla mfumo haujasakinishwa.

Kubadilisha huanzia katika folda ya I386. Faili nyingi humo zimebanwa, na jina huishia kwa kistari cha chini: UXTHEME.DLL huonekana kama UXTHEME.DL_. Faili mpya hubanwa kwa programu ya makecab, kisha huwekwa mahali pa ile ya zamani kwa jina lile lile. Iwapo maagizo yake yamehaririwa, sharti namba ya uhakiki iliyomo ikokotolewe upya. La sivyo, usakinishaji huweza kuikataa kuwa ni mbovu.

Kuongeza kuna sharti jingine. Kama vile neno la mkopo linavyopewa ngeli ndipo lipatane na maneno mengine katika sentensi, faili ngeni sharti iandikishwe. Huandikwa katika TXTSETUP.SIF, orodha inayotaja faili na mahali pake. Humo namba 2 huashiria folda ya system32. Huandikwa pia katika DOSNET.INF, orodha inayotumika usakinishaji unapoanzishwa kutoka ndani ya Windows iliyopo. Isipoandikishwa, haitanakiliwa hata ikiwa imo diskini.

Kosa dogo hapa lina gharama kubwa. HAL.DLL ikikosekana au ikiharibika, Windows XP haiwaki. Tasnifu ya mwanafunzi iliyohifadhiwa humo huwa haijafutika, lakini haifikiki kwa njia ya kawaida. Kwa hivyo, diski asilia haiguswi, kazi za watu hunakiliwa kwingine kwanza, faili hutoka kwenye chanzo kinachoaminika, na jaribio hufanyiwa tarakilishi isiyo na kazi ya mtu. Haraka haraka haina baraka.