Mboga bila samaki: vitabu vya mapishi ya mimea vinaweza kutusaidia nini nyumbani?



Kuko siku samaki haipatikani. Maji ya mto imepanda, wavuvi wamerudi na kidogo, ao bei ya sokoni imepita nguvu ya mfuko. Siku hiyo, katika nyumba mingi za Kisangani na za vijiji vyetu, mama anapika sombe na chumvi na mafuta kidogo, watu wanakula bugali mwingi juu ya kushiba, na wanasema: «Leo tumekula hivi hivi tu.» Watoto wanalala na tumbo limejaa, lakini mwili haukupata kitu cha kujengea. Siku kama hizo zikifuatana, mtoto anapunguka uzito, miguu inaanza kuvimba, nywele zinabadilika rangi. Sote tunaijua kwashiorkor, na tunajua kwamba inaingia hata katika nyumba yenye shamba kubwa la mihogo.

Katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya vitabu vya mapishi ya mimea tupu, ni kusema vitabu vya wapishi ambao hawatumii nyama, samaki, wala yai. Mwanachama anaweza kuuliza: kitabu cha watu wa mbali, wenye furu na friji, kinatuhusu nini siye? Jibu letu ni hili: hatutafuti vyakula vyao, tunatafuta akili yao. Mpishi ambaye hana samaki kila siku ya maisha yake amelazimishwa kujifunza namna ya kuipa mboga utamu na nguvu. Akili hiyo inafaa sana siku ambapo samaki haiko.

Vitabu hivi vilitoka wapi?

Mwaka 1971, mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé alitoa kitabu kinachoitwa Diet for a Small Planet. Alieleza kwamba mtu anaweza kupata protini ya kutosha kwa kuchanganya nafaka na jamii ya maharagi. Mchele ao mahindi unakosa sehemu moja ya protini ambayo maharagi iko nayo mingi, na maharagi inakosa sehemu ambayo nafaka iko nayo. Mwanzoni aliandika kwamba kuchanganya huko kunaomba hesabu kali. Katika chapa ya 1981 alilegeza: ukikula vyakula mbalimbali kwa siku, na ukishiba, mwili wenyewe unapanga.

Kwetu kuko jambo la kuongeza. Muhogo siyo nafaka. Gramu 100 za unga wa muhogo ziko na protini karibu gramu 2 tu, wakati mchele mkavu uko na karibu 7. Kwa hiyo anayekula bugali wa muhogo anahitaji kunde, karanga ao soya mingi zaidi kuliko anayekula wali.

Mwaka 2014, mpishi mwingine wa Marekani, Bryant Terry, alitoa Afro-Vegan. Alichukua mapishi ya Afrika, ya visiwa vya Karibe na ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, akayapika bila nyama. Humo mtu wa Tshopo hatakuwa mgeni sana: kuko karanga, kunde, bamia, majani ya kijani.

Lakini ujuzi huu haukuanzia Marekani. Ethiopia, Wakristo wa kanisa la Orthodox wanafunga nyama, maziwa na mayai siku mingi sana kwa mwaka. Kwa hiyo wamama wa kule wana mapishi kamili ya siku za kufunga, na yanaheshimiwa. Moja ni shiro: mchuzi mzito wa unga wa jamii ya maharagi, wenye vitunguu na viungo. Hakuna anayesema shiro ni chakula cha kukosa. Na nchini Kenya, ambako mboga za kienyeji zilikuwa zinaonekana kama alama ya umasikini, watafiti na wanakijiji waliandika vyakula hivyo na mapishi yake, wakayapeleka mashuleni. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi.

Usisome jina, soma kazi

Anayefungua kitabu cha mbali anakufa moyo mapema, kwa sababu anaona majina asiyoyajua. Dawa yake ni hii: kwa kila kitu kilichoandikwa, jiulize kinafanya kazi gani ndani ya nyungu. Mboga isiyo na samaki inahitaji kazi tano. Kila kazi iko na mfanyakazi wake katika mashamba yetu na pale sokoni.

1. Kujenga mwili. Vitabu vinasema dengu, tofu, njegere. Siye tuko na kunde, soya, karanga, mbika, njugu-mawe. Kwa gramu 100 kavu, kunde iko na protini karibu gramu 23, karanga karibu 25, mbika karibu 28, soya karibu 36.

2. Kutia unono. Vitabu vinasema mafuta ya zeituni, siagi ya ufuta, maziwa ya nazi. Siye tuko na mafuta ya mawese, karanga za kusaga, na maziwa ya karanga ao ya soya.

3. Kutia ule utamu wa nyama. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Uyoga, hasa uyoga uliokaushwa, unafanya kazi hiyo. Vilevile kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa na rangi ya kahawia, nyanya iliyopikwa mpaka maji yake yakaisha, na karanga ao mbika zilizokaangwa kabla ya kutwangwa.

4. Kutia uchachu. Ndimu na ngaingai. Uchachu unaamsha mboga iliyolala. Na tena vitamini C ya ndimu inasaidia mwili kuchukua chuma kilichomo ndani ya majani na maharagi. Kamulia ndimu baada ya kutoa nyungu motoni, maana moto unaua vitamini hiyo. Chai na kahawa zinafanya kinyume, kwa hiyo tusizinywe pamoja na chakula.

5. Kijani. Kitabu kikisema spinachi, soma lengalenga, matembele, majani ya kunde, ao sombe. Lakini sombe inaomba masharti yake, tutayasema chini.

Na kitabu kikisema furu, soma liboke: majani mazuri, moto wa polepole, majivu ya moto.

Mapishi matatu ya kujaribu

Sombe na mbika. Twanga majani mabichi vizuri mpaka yalainike, kisha chemsha kwa maji mengi bila kufunika nyungu. Sombe ikiiva, tia kitunguu, pilipili, bilinganya ukiwa nayo, na mafuta ya mawese. Twanga kopo moja ya mbika zilizomenywa, changanya na kitunguu kilichosagwa, chumvi na maji kidogo sana mpaka ishikane. Finyanga vidonge vidogo, viangushe juu ya sombe, punguza moto, na usikoroge kwa dakika 20. Vitashikana kama vipande vya nyama laini.

Liboke ya kunde. Wanijeria wanaiita moin moin. Loweka makopo mawili ya kunde kwa saa moja ao mbili, sugua kwa mikono ili maganda yatoke, kisha saga pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili. Tia chumvi, vijiko vitatu vya mafuta ya mawese, na maji mpaka iwe kama uji mzito. Pigapiga kwa kijiko ili hewa iingie. Funga ndani ya majani ya liboke ao ya ndizi, panga ndani ya nyungu yenye maji kidogo chini, funika, na uache mvuke ufanye kazi karibu saa moja, mpaka ndani ikauke na kushikana. Mtoto anaikula bila shida, na kesho yake asubuhi inaweza kwenda naye shule kama imechemshwa tena.

Lituma na mchuzi wa karanga. Lituma ni yetu, hatuna mtu wa kutufundisha: makemba na muhogo mtamu, vinachemshwa na kutwangwa. Tunabadilisha mchuzi tu. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, tia nyanya na uyoga, acha vikauke. Futa kopo moja ya karanga zilizosagwa katika maji ya moto, mimina, pika dakika 20 kwa moto mdogo. Tia ngaingai iliyochemshwa pembeni na kukamuliwa, ili uchachu usizidi. Kopo hiyo ya karanga ndiyo inabadilisha lituma kutoka chakula cha kujaza tumbo mpaka chakula cha kujenga mwili.

Mambo ambayo kitabu cha mbali hakitakuambia

Muhogo mchungu uko na sumu ndani ya mzizi na ndani ya majani. Mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo: mtu anaamka miguu imekaza, na haiponi tena. Konzo inapiga watu wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, na ambao hawapati protini ya kutosha. Kwa hiyo tusipunguze siku za kuloweka mzizi juu ya haraka ya kuuza: siku tatu ao ine, mpaka ulainike kabisa, kisha uanikwe mpaka ukauke. Ukiwa na mashaka na unga, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba usiopita sentimeta moja, uuache saa mbili kwenye jua ao saa tano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Sombe nayo itwangwe na ichemshwe vizuri. Tusiile ikiwa mbichi kama saladi, hata kama kitabu kinasifu majani mabichi.

Soya isikulwe mbichi, wala unga wake usitiwe ndani ya uji dakika ya mwisho. Iive vizuri ao ikaangwe kwanza, bila hivyo tumbo haliwezi kutumia protini yake.

Maharagi mekundu yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tu yanaweza kuleta kutapika.

Mafuta ya mawese tusiyachome mpaka yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A, na ni kinga ya macho yake.

Na jambo kubwa: hatusemi watu waache samaki. Vitamini B12 haipatikani ndani ya mimea. Watu wanaokula mimea tupu katika nchi tajiri wanaimeza kwa kidonge, siye hatuna kidonge hicho. Kwa hiyo samaki kidogo, yai, ndakala za kusaga, vibaki, na vianze kwa mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mtoto mdogo kuanzia miezi 6. Mboga nzuri ya mimea inasaidia hapo pia: baba na vijana wakishiba kwa kunde na mbika, ile samaki ndogo inaweza kwenda kwenye sahani ya mtoto bila mtu kununa.

Kutoka nyungu mpaka shamba

Maharagi tunayonunua Kisangani, mingi inatoka mbali, upande wa Beni na Butembo, kwa njia ya Komanda na Niania. Barabara ikiharibika ao usalama ukikosekana, bei inapanda siku hiyo hiyo. Na hayo maharagi hayapendi joto na unyevu wa kwetu, yanaoza majani. Kunde inavumilia joto, inakomaa kwa miezi miwili ao mitatu, inalisha udongo kwa mizizi yake, na majani yake machanga ni mboga. Shida yake kubwa ni wadudu wa ghalani. Ianikwe mpaka ikauke kabisa, ijazwe ndani ya bidoni kavu mpaka juu, na kifuniko kikazwe sana: wadudu watakosa hewa na kufa.

Lakini hakuna mwanachama atakayepanda kunde kama nyumbani kwake hawajui kuipika, na hakuna mteja atakayeinunua kama hajawahi kuionja tamu. Ndiyo maana tunasema mapishi ni kazi ya koperative kama vile mbegu na jembe.

Tunapendekeza kila koperative ifungue daftari moja la mapishi. Kwa kila mkutano, mama ao baba mmoja apike mboga moja bila samaki na bila nyama, watu waonje, na yanayofaa yaandikwe: vipimo kwa kopo na kijiko, muda wa moto, makala iliyotumika, bei ya vyote siku ile, na msimu ambapo kila kitu kinapatikana. Wazee waulizwe pia. Mbika, uyoga na majani ya msituni waliyapika kabla yetu, na mengi hayajaandikwa popote. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litaonyesha mambo mawili: nyumbani tupike nini siku mto umekataa, na shambani tupande nini juu ya msimu unaokuja.