Goti likiteguka njia ya Kabambare, mguu unaweza kudai mwaka mzima

Kasongo – Pikipiki ikiteleza kwenye tope kati ya Kabambare na Kasongo, mguu wa dereva au wa mchimba dhahabu aliyepakiwa kutoka Salamabila unaweza kubaki chini ya mashine. Goti likiteguka kabisa, waliopo hulivuta likarudi, hufunga vijiti na kumshukuru Mungu. Siku chache baadaye mgonjwa anagundua kuwa hawezi kuinua wayo. Vidole vinaburuta, kandambili inavuka kila hatua.

Kilichoumia ni mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti, karibu sana na ngozi. Kwa makadirio ya kawaida, mmoja kati ya wanne walioteguka goti huumia hapo. Vijiti vikikazwa mno mahali hapo huuminya zaidi.

Lakini damu hutangulia. Mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti ukikatika au kuziba, kuna saa 6 hadi 8 tu za kuokoa mguu. Ndiyo maana muuguzi hupapasa mapigo juu ya wayo hata kama goti limekwisha kurudi. Mguu baridi usio na mapigo hausubiri asubuhi. Msimu wa mvua, saa hizo zinaweza kuisha mtu akiwa bado njiani, na hapo, kusema kweli, ndipo mguu unapopotea, kabla ya daktari kuuona.

Mshipa wa fahamu uliovutika bila kukatika huota tena kwa milimita 1 hivi kwa siku. Hesabu miezi, si wiki. Wengine hawaponi kabisa. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Jaylon Smith aliumia hivyo tarehe 1 Januari 2016, akakosa msimu mzima, na mwaka 2017 alirudi uwanjani akiwa bado amevaa kifaa cha kushikilia wayo.

Vifaa vya namna hiyo ni kazi ya vituo kama Heri Kwetu cha Bukavu, mbali na huku. Kwa kusubiri, ukanda wa mpira kutoka kwenye muundi hadi ncha ya kiatu husaidia, pamoja na kunyoosha kifundo kila siku ili ukano wa kisigino usikaze.

Mwaka ukipita bila mabadiliko, daktari wa upasuaji anaweza kuhamisha ukano wa ndani ya mguu hadi juu ya wayo. Upasuaji huo umefanyiwa wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi, kwani ukoma nao hushambulia mshipa huohuo.