Kadi ya Sauti Itolewe Kashani

Mwaka 2009, nikiwa bado mwanafunzi wa uzamili, nilirekodi mjini Garissa tungo za mzee mmoja aliyekuwa amezihifadhi moyoni tangu ujana wake. Nilitumia kompyuta ya mezani niliyoazimwa, maikrofoni ikiwa imechomekwa nyuma ya kasha. Niliporejea Nairobi kusikiliza, nilikuta chini ya sauti ya mzee mvumo mwembamba usiokatika, mithili ya mbu sikioni.

Pengine msomaji atauliza: mvumo una dhara gani iwapo maneno yasikika? Kwa mwanaisimu, dhara lake si dogo. Kisomali, katika maandishi yake rasmi ya mwaka 1972, hutofautisha h na x, hii ya pili ikiwa ni ile ح ya Kiarabu. Zote mbili ni pumzi tu, na mvumo hufunika pumzi kabla ya kufunika irabu. Isitoshe, ushairi wa Kisomali hudai kila mstari uwe na neno linaloanza kwa sauti moja iliyoteuliwa na mtunzi. Msomali atabashiri neno la kawaida kwa maana yake, lakini lile la kale lililokwisha kutoweka midomoni atalibashirije?

Chanzo cha mvumo kilikuwa ndani ya kasha. Maikrofoni hutoa umeme hafifu mno, wa kupimwa kwa sehemu za elfu za volti, na kadi ya sauti haina budi kuukuza. Nayo kadi hiyo imepachikwa kwenye bodi mama, jirani na kigawa umeme kinachowasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, pamoja na diski na feni. Uchafu wa umeme wa majirani hao huingia katika sauti, na kadi huukuza wote bila kubagua.

Fundi mmoja alinishauri tuihamishe kadi yenyewe nje kwa utepe wa nyaya. Tulifanya hivyo. Mvumo ulipungua kidogo, wala haukwisha. Kadi ilikuwa nje, lakini bado ilinyonya umeme uleule mchafu kupitia utepe uleule. Zaidi ya hayo, njia zile hazikuundwa kwa nyaya ndefu, hata kompyuta ikawa yazimika ovyo. Tulikuwa tumemhamisha mgonjwa kitanda, maji tukamnywesha ya kisima kilekile.

Dawa ilikuwa kuihamisha kazi, si kadi. Kisanduku cha sauti cha nje, kinachounganishwa kwa waya wa yuesibii (mtindo uliotokea mwaka 1996), hukuza sauti na kuigeuza tarakimu hukohuko nje. Kinachoingia kashani ni tarakimu tupu, na mvumo hauwezi kupenya humo. Hata hivyo, kisanduku kikitegemea waya huo kwa umeme, uchafu waweza kukifuata. Heri basi kutumia kipakatalishi kinachoendeshwa kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa. Na kwa kuwa joto la Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35, feni hunguruma bila kupumzika: maikrofoni na ikae karibu na kinywa cha msimulizi, mbali na mashine.

Nasema haya kwa kuwa nimeona idara zikinunua kompyuta mpya, zenye kasi ya ajabu, ili kurekodi lugha za kandokando ya Mto Tana, kisha maikrofoni ikachomekwa palepale nyuma ya kasha. Kisanduku hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine hizo. Anayepanga bajeti na akitangulize, maana kompyuta ya mwakani itanunulika mwakani, lakini wasimulizi ni watu wazima sana.

Mzee wangu alifariki kabla sijapata fursa ya kurudi kwake. Katika utungo wake wa tatu lipo neno moja ambalo nimelisikiliza mara zisizohesabika, na hadi leo sijui niliandike kwa h au kwa x.