Mbwa anafundishwa, na anayemwongoza je?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, watu wawili wakafa. Sie wa Ng'ambo ukitaja mbwa wa uokoaji, swali la kwanza ni najisi. Hilo lina jibu lake: mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kazi kubwa ni kumfundisha binaadamu anayemwongoza.

Mbwa hamuoni aliyefukiwa, anafuata harufu yake. Sasa harufu hupita kwenye nyufa za kifusi pamoja na hewa, na inaweza kutokea mita kadhaa mbali na mtu mwenyewe. Mbwa atabweka pale inapotokea. Mwongozaji asiyelijua hilo atachimbisha watu pasipo mtu. Kwa hivyo ausome upepo kama nahodha: kusi ikivuma, mbwa aanzie upande wa kaskazini wa jengo, harufu imjie puani.

Halafu ajichunge na yeye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapima waongozaji 18 wa mbwa wanaonusa dawa za kulevya na baruti. Waliambiwa karatasi nyekundu ndiyo alama ya mzigo. Mzigo wenyewe haukuwepo kabisa! Waongozaji wakasema mbwa wameshanusa, tena zaidi penye karatasi.

Ndiyo maana kwenye mazoezi mwongozaji haambiwi mtu kafichwa wapi. Na siku nyengine hafichwi mtu.