Korosho Mtunda: Salfa yaokoa maua, udongo je?

Ifikapo Juni, mikorosho inapochipua, mashine za kupulizia huanza kunguruma alfajiri katika mashamba ya Mtunda, wilayani Kibiti. Mkulima hana budi. Asipopuliza salfa, ubwiriunga unaweza kumnyang'anya zaidi ya nusu ya mavuno. Lakini vumbi lile la njano haliishii kwenye maua. Jingi hushuka chini ya mti, na huko vijidudu vya udongo huligeuza kuwa tindikali.

Hesabu yake si ngumu. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28. Kila mti ukipulizwa robo kilo mara tano kwa msimu, ekari hiyo imetumia kilo 35 za salfa. Tindikali ya kilo moja ya salfa huhitaji kilo tatu na ushei za chokaa safi ya kilimo ili itulie. Kama yote ingeangukia shambani, zingetakiwa karibu kilo 110 za chokaa kwa ekari, kila mwaka. Ni wakulima wangapi wamewahi kuweka hata debe moja?

Udongo wa kichanga, kama ulivyo kwenye mashamba mengi ya korosho ya Pwani, una nguvu ndogo ya kushika virutubisho. Tindikali ikizidi, kalisiamu, magnesiamu na potasiamu hulegea, na mvua za masika huvizamisha kusikofikiwa na mizizi. Utafiti katika mashamba ya korosho ya kusini mwa nchi miaka ya 1990 ulionyesha kuwa salfa huongeza tindikali ya udongo. Mkorosho ni mvumilivu, hivyo dalili huchelewa. Mahindi na kunde zilizopandwa katikati ya miti ndizo hudhoofu kwanza.

Hapo wengine hukimbilia duka la pembejeo kununua urea. Wanaweza kupoteza fedha mara mbili, maana urea nayo huongeza tindikali. Ukitia nazi tano kwenye kibaba kimoja cha mchele, wali hauongezeki. Kirutubisho kilichopungua kuliko vingine ndicho kinachoamua kiasi cha mavuno.

Wakulima wa kahawa wametangulia hapa. Mwaka 2014 watafiti wa Tanzania walichapisha hesabu iliyotengenezwa kwa udongo wa Hai na Lushoto. Hupimwa tindikali, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, huongezwa idadi ya miti na mbolea itakayowekwa, ya samadi au ya dukani, kisha hukadiriwa kilo zitakazovunwa na mchanganyiko wenye faida zaidi. Viwango vyake ni vya kahawa, havihamishiki kwenye mkorosho. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wa kupima kwanza na kununua baadaye. Bei ya korosho huamuliwa mnadani, lakini gharama ya kila kilo huanzia shambani.

Mkulima wa Mtunda anaweza kuchota udongo sehemu kumi au zaidi chini ya vivuli vya miti, kina cha sentimita 20, akauchanganya na kupeleka nusu kilo kwenye maabara ya udongo, kama ya TARI Mlingano, Tanga. Kisha achague miti kumi inayolingana. Mitano aiwekee chokaa kwa kiwango cha maabara, mitano aiache, na apime korosho za kila mti kwa misimu miwili au mitatu, kwani chokaa haifanyi kazi kwa siku moja. Chokaa ya kupakia nyumba haifai kubahatisha. Iliyochomwa ni kali na huunguza mizizi.

Tatizo litakalobaki ni nauli. Chokaa ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, hivyo usafiri hadi Mtunda unaweza kuzidi gharama ya mzigo wenyewe. Mkulima mmoja mwenye ekari mbili hawezi kukodi lori. Chama cha msingi kinachoagiza salfa ya wanachama kinaweza kuagiza na chokaa, kabla barabara hazijaharibiwa na masika.