Bata wa nyuma ya nyumba: makao makavu kwanza, kidimbwi baadaye

Mashamba makubwa ya mkonge na kahawa yaliyozunguka Juja, Ruiru na Thika yanaendelea kukatwa ploti, nyingi zikiwa za futi 50 kwa 100. Katika mitaa kama Kalimoni, mwenye nyumba hubaki na kipande kidogo nyuma ya jikoni, naye hutafuta mfugo wa kukifaa. Bata ni chaguo zuri. Hupatwa na magonjwa machache kuliko kuku, hula konokono na wadudu wa bustani, na mayai yake ni makubwa. Anayeanza kufuga huuliza kwanza achimbe kidimbwi cha ukubwa gani. Swali hilo lingefaa liwe la mwisho, kwa sababu bata wengi wa nyumbani huumizwa na unyevu wanaolalia, si kwa kukosa mahali pa kuogelea.

Kichwa majini, miguu pakavu

Karibu na shina la mkia wa bata kuna tezi inayotoa mafuta. Bata husugua mdomo na kichwa hapo, kisha hupaka mafuta hayo mwilini huku akipanga manyoya yake. Manyoya yaliyopangwa vizuri hushikana, hunasa hewa na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi. Kazi hiyo yote huchochewa na maji: bata akilowa hujipanga, na akikosa maji hujiacha hadi manyoya yakachakaa na kuanza kunyonya maji ya mvua.

Maji pia husafisha pua na macho. Chakula cha ungaunga hugandia mdomoni na kuziba matundu ya pua. Bata asipopata maji ya kuzamisha kichwa kizima, macho hutoa uchafu na huweza kuvimba.

Je, ni lazima aogelee? Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akiwemo Marian Dawkins, walichapisha matokeo ya kulinganisha bata waliopewa vidimbwi, mabirika, manyunyu ya maji, na wengine waliopewa chuchu za kunywea pekee. Mabirika na manyunyu yaliwafaa bata sawa na vidimbwi katika kutunza macho, pua na manyoya. Waliokuwa na chuchu peke yake ndio waliobaki nyuma.

Maana yake kwa mkazi wa Kalimoni ni kwamba bata watano wanaweza kuishi vizuri kwa beseni pana lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, mradi maji yabadilishwe kila siku. Beseni likae karibu na chakula, kwa sababu bata hadonoi punje kama kuku. Huchota kinywa kizima cha chakula kisha hukimbilia maji ili ameze. Ndiyo sababu wafugaji wazoefu huondoa vyote viwili usiku. Chakula bila maji huweza kumkaba, na maji ndani ya nyumba hulowesha sakafu yote kabla ya alfajiri.

Nyumba juu ya udongo mweusi

Kinyesi cha bata ni maji kwa takriban asilimia 90. Halafu, tofauti na kuku anayepanda kwenye ubao, bata wengi hulala sakafuni, kifua kikigusa matandiko usiku kucha. Sakafu ikilowa, ngozi ya kifua huchubuka, nyayo hupata vidonda, na vijidudu huanza kuvunja kinyesi na kutoa amonia. Gesi hiyo huchoma macho na njia ya hewa. Kipimo chake ni rahisi: chuchumaa ndani ya nyumba hadi uso wako ufike kimo cha bata. Macho yakikuwasha wewe kwa dakika moja, fikiria anayelala humo saa 12.

Sehemu nyingi za Juja na Kalimoni zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, sakafu iliyo sawa na ardhi hupandwa na unyevu kutoka chini. Inua msingi angalau sentimita 30. Vipande vya mawe ya Ndarugu vinavyobaki kwenye ujenzi vinatosha, kisha shindilia maramu, na juu yake mwaga saruji laini yenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Saruji ya kukwaruza hutoboa nyayo za bata, na hapo bakteria huingia.

Nafasi ya mita 0.4 za mraba kwa kila bata inatosha ndani, hivyo bata watano wapewe mita 2 za mraba au zaidi. Uani, kila mmoja apate angalau mita moja na nusu ya mraba. Tandika maranda au pumba za mpunga, ambazo hupatikana kwa wingi kutoka Mwea, kwa unene wa sentimita 10. Ongeza makavu juu kila panapolowa. Usitandike kitu chenye ukungu, kwa maana mbegu zake zikivutwa huua vifaranga kwa ugonjwa wa mapafu.

Acha nafasi za hewa juu ya kuta mbili zinazokabiliana, chini tu ya mabati, ili upepo upite juu ya vichwa na kuondoka na unyevu. Wafugaji wengi huziba kila tundu Julai kwa kuogopa baridi ya Kiambu. Bata mkavu huvumilia baridi hiyo bila shida. Anayeumia ni aliyelowa ndani ya nyumba isiyopumua.

Adui huja usiku. Waya mwembamba wa kuku humzuia bata asitoke, lakini haumzuii mbwa anayezurura wala nguchiro asiingie. Tumia waya uliochomelewa wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, na uufukie sentimita 30 ardhini. Bata wengi hutaga alfajiri, kwa hivyo wafungulie baada ya saa tatu asubuhi na utayakuta mayai ndani badala ya kuyasaka vichakani. Ukifuga Muscovy, yule mwenye nundu nyekundu usoni, muwekee ubao wa kupanda na umpunguze manyoya ya bawa moja. Huyo huruka hadi kwa jirani.

Maji machafu yataenda wapi?

Piga hesabu kabla ya kuchukua jembe. Kidimbwi cha mita 2 kwa 1.5 chenye kina cha sentimita 40 hubeba lita 1,200, sawa na mitungi 60 ya lita 20. Bata watano watakigeuza rojo la kijani kwa siku chache. Kwenye mtaa ambako maji huja kwa zamu au hununuliwa kwa lori, gharama hiyo haibebeki. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu huhitaji mitungi mitano tu, nalo linamtosha bata kuoga.

Kama bado unataka kidimbwi, kina cha sentimita 30 hadi 45 kinatosha. Tandaza plastiki nene ya mabwawa. Udongo mwekundu huyanywa maji, na ule mweusi huyashika ukiwa umelowa lakini hupasuka ukiachwa mkavu. Weka ngazi ya mteremko isiyoteleza, kwani kifaranga asiyeweza kutoka hufa maji. Vifaranga wasio na mama wasiogelee kabla ya kuota manyoya kamili. Zungusha kokoto ukingoni ili pasiwe tope.

Sehemu muhimu kuliko zote ni bomba la inchi 3 chini kabisa, lenye kizibo. Literemke hadi kwenye migomba au nyasi za nepia, ambako naitrojeni na fosforasi za kinyesi huwa mbolea. Usiyamwagie maji hayo mboga zinazoliwa mbichi, na yakae mbali na kisima, angalau mita 30, upande wa chini wa mteremko.

Kumwaga maji ni suala la afya ya familia pia. Mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo kumwaga maji kila wiki huukata mzunguko wake. Bata hula viluwiluwi, lakini kidimbwi kilichoachwa baada ya bata kuuzwa ni kitalu cha mbu. Hatari hii imeongezeka tangu Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayezaliana katika vyombo vya maji mijini, alipogunduliwa Marsabit mwaka 2022.

Usijaze kidimbwi kwa maji ya mto au mfereji, maana yanaweza kuleta konokono wanaobeba kichocho. Mzoga na majani yanayooza kwenye maji ya joto yaliyotuama hulea sumu ya botulini, inayolegeza shingo ya bata hadi kichwa kizame. Kinyesi hubeba salmonela: osha mikono kwa sabuni, tenga viatu vya uani, na pika mayai hadi yaive. Zungushia ua wenye lango linalofungwa, kwani mtoto mdogo huzama hata kwenye maji ya magotini.

Bata pia huweza kubeba virusi vya homa ya ndege bila kuonyesha dalili. Januari 2017 virusi hivyo vilipopatikana Uganda kwa ndege wa mwituni na wa kufugwa, Kenya ilisimamisha uagizaji wa kuku kutoka huko. Tenga bata na kuku, na funika maji kwa wavu ili ndege wa mwituni wasitue.

Ukavu hadi ghalani

Gunia la chakula nalo linahitaji mahali pakavu, juu ya mbao. Mahindi yenye unyevu huota ukungu unaotoa aflatoksini, na kifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika upesi zaidi. Mwaka 1960, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa nchini Kenya kwa chakula chenye sumu hiyo, na kwa miaka mingi maabara zilipima sumu kwa kutumia vifaranga wa siku moja. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Mahindi yaliyooza yasiyofaa ugali hayafai bata vilevile.

Basi gawa pesa zako kwa mpangilio huu: msingi ulioinuliwa na paa, kisha waya imara, kisha bomba la kutoa maji machafu. Kitakachobaki nunulia pipa. Bata wakimaliza misimu miwili ya mvua wakiwa na vifua safi na macho makavu, hapo zungumza habari za kuchimba kidimbwi. Na wakifa wawili au zaidi kwa ghafla, usiwachinje wala kuwauza waliobaki. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi.